Kufufua pikapu ya dizeli nyumbani Malindi: pima kwanza, fungua baadaye

Hilux ya dizeli ikianza kuwaka kwa taabu asubuhi, au ikiishiwa nguvu ikibeba mzigo, ushauri wa kwanza utakaoupata barazani ni kufungua injini. Ni ushauri wa gharama kubwa, na mara nyingi haukuhitajika. Injini za Toyota za ukoo wa L, yaani 2L ya cc 2446, 3L ya cc 2779 na 5L ya cc 2986, ni imara sana chini. Kinachozisumbua huku kwetu ni hewa inayoingia kwenye njia ya mafuta, maji ya kisima yaliyotiwa kwenye rejeta, na kutu kwenye waya za athi (zile zinazorudisha umeme kwenye betri). Yote hayo unaweza kuyapima nyumbani bila kulegeza bolti hata moja ya hedi. Hapa nazungumzia 3L kwa sababu ndiyo wengi huipandisha kwenye Hilux iliyokuja na 2L: viti vya injini na kengele ya giaboksi (ganda la mbele linaloshikana na injini) vinakubali.

Anza na moshi. Moshi mweupe wa asubuhi unaowasha macho na kunuka dizeli ni mafuta ambayo hayajaungua: plagi za moto (zinazopasha silinda kabla ya kuwasha) hazipashi, taimingi ya pampu (wakati wa kupuliza mafuta) imechelewa, au kompresheni (mbano wa hewa silindani) imeshuka. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto, huku maji ya rejeta yakipungua, ni maji yanayoingia kwenye silinda. Mweusi ni mafuta yaliyozidi hewa, na kwa gari linalopita barabara za vumbi, chujio la hewa ndilo mshukiwa wa kwanza kabla ya nozo, yaani kipulizia mafuta cha kila silinda. Wa buluu ni oili.

Malindi ina faida moja ambayo Limuru haina. Alfajiri yetu ya baridi kabisa bado ni nyuzi 20 na ushei, kwa hiyo dizeli yenye afya huwaka hapa kwa kupasha plagi sekunde chache tu. Ikiwa yako inadai kupashwa mara tatu, plagi si maelezo ya kutosha. Zipime hata hivyo: toa bati linaloziunganisha, weka mita ya ohm kati ya ncha ya kila plagi na injini. Nzima husoma chini ya ohm 2. Iliyokatika haisomi kitu. Ukinunua mpya, soma volti zilizochapwa ubavuni. Toyota imetumia plagi za volti tofauti katika injini hizi, na ile ya volti ndogo ikipata volti 12 mfululizo huungua ncha, ikavimba, halafu haitoki.

Sasa njia ya mafuta, na hapa usiwe na haraka. Pampu ya 3L ni ya VE, ya kuzunguka, na ndiyo yenyewe inayovuta dizeli kutoka tangini. Hakuna pampu nyingine nyuma ya kuisukuma. Maana yake ni kwamba kuanzia tangi hadi pampu, paipu iko katika hali ya kufyonza. Ikipasuka haitoi dizeli nje. Inaingiza hewa ndani. Ndiyo maana fundi hutazama chini ya gari, akaona pakavu, akasema mafuta yako sawa.

Kata mpira unaotoka kwenye filta kwenda pampuni, uunganishe na kipande cha paipu inayoonyesha ndani, kama sentimita 20, ukikaze kwa klipu. Washa. Viputo vichache mwanzoni si neno. Mkondo wa viputo usiokatika, au kiputo kirefu kinachorudi nyuma polepole ukizima gari, kinakuambia hewa inaingia. Kujua inapoingilia, ning'iniza jerikeni ya lita 5 yenye dizeli safi juu kidogo ya pampu, lisha pampu moja kwa moja kutoka humo, na paipu ya kurudishia irudi humo humo. Gari likitulia, pampu haina kosa na ugonjwa uko kati ya filta na tangi. Rudisha kipande kimoja kimoja. Wa kwanza kukamatwa huwa ni pampu ya mkono iliyo juu ya filta, ambayo mpira wake wa ndani hukauka na kupasuka. Wa pili ni mipira mifupi iliyo juu ya tangi, ambayo hakuna anayeiona mpaka bodi inyanyuliwe.

Chini ya filta kuna kizibo cha kutolea maji. Huku pwani kifungue kila mwezi, si kila sevisi, hasa ikiwa unanunua dizeli ya madumu inayouzwa kwa wenye maboti. Pampu ya VE hulainishwa na dizeli yenyewe, haina oili yake. Maji huipa kutu, na mafuta ya taa huikausha. Kodi ya shilingi 18 kwa lita iliyowekwa mwaka 2018 kwenye mafuta ya taa ilikusudiwa kuondoa faida ya kuyachanganya na dizeli, lakini dumu lisilo na risiti halikuhakikishii chochote.

Ukimaliza kutoa hewa kwa pampu ya mkono mpaka iwe ngumu, legeza nati za paipu kwenye nozo, piga stata mpaka dizeli ichuruzike, kisha kaza. Usiweke kidole mbele ya nozo inayopuliza. Presha yake hupenya ngozi, na dizeli iliyoingia nyamani ni kazi ya daktari siku hiyo hiyo.

Injini ikiwa inaunguruma, legeza nati ya nozo moja moja. Silinda nzima ikikatiwa mafuta, mlio hubadilika na injini hutetemeka. Ukilegeza na pasibadilike kitu, umeipata silinda isiyofanya kazi. Peleka nozo zote nne kwenye mashine ya kupimia: zinapaswa kufunguka karibu kilo 105 hadi 125 kwa sentimita ya mraba na kutoa ukungu, si matone. Nozo inayodondosha hutoboa kichwa cha pistoni ikiachwa. Washa, yaani vile vibati vya duara vilivyo chini ya nozo, zisitumiwe tena kamwe.

Kompresheni ndiyo inayoamua kama injini itafunguliwa. Toa plagi zote nne za moto, chomoa waya wa solenoidi ya kuzimia (inayokata mafuta kwenye pampu), tumia geji ya dizeli inayosoma psi 600 na betri iliyojaa. Injini nzima hutoa karibu psi 455. Kiwango cha chini kabisa ni psi 284, na tofauti kati ya silinda mbili isizidi psi 71. Zote zikiwa 350 na zinakaribiana, iache injini, tafuta tatizo kwingine. Moja ikiwa 220 na nyingine 400, ongeza kijiko kidogo kimoja cha oili kwenye ile dhaifu na upime tena. Ikipanda, ni ringi na silinda. Ikibaki pale pale, ni valvu au gasketi. Kijiko kimoja tu: nafasi ya juu ya pistoni ya dizeli ni ndogo mno, na oili nyingi itapinda konrodi, mkono wa pistoni.

Kabla ya kuhukumu gasketi, tazama maji. Visima vingi vya mjini vina chumvi, na maji yake huacha ukoko mweupe ndani ya rejeta na kula alumini ya wota pampu. Tumia maji ya mvua au maji safi yanayouzwa kwa kujazia betri, nusu kwa nusu na kulanti. Themostati usiitupe. Ichemshe kwenye sufuria yenye kipimajoto. Ianze kufunguka karibu na nyuzi zilizochapwa juu yake. Zile zenye sahani ya pili chini hufunga njia ya mkato ya maji injini ikipata moto. Ukiitoa, maji ya moto huzunguka bila kupita kwenye rejeta, na gari huchemsha zaidi ya awali. Mpira wa juu wa rejeta ukibaki mgumu asubuhi injini ikiwa baridi, hapo ndipo gasketi au hedi inashukiwa kwa haki.

Vipimo vikishasema fungua, fungua kwa utaratibu. Injini hii na giaboksi yake ni zaidi ya kilo 200, na tawi la mwembe halina alama ya uzito. Tengeneza fremu ya mabomba ya chuma na chenibloku ya tani moja. Kabla ya kuchomoa waya, funga tepu yenye nambari pande zote mbili. Bolti za kila sehemu ziingie mfuko wake.

Hedi ioshwe hadi chuma kionekane, kisha iangaliwe nyufa kati ya valvu mbili na kuzunguka vikombe vya chumba cha mwako. Weka rula iliyonyooka na fila geji: ikipinda zaidi ya milimita 0.20, haifai kurudi hivyo. Kuskimu hedi ya L, yaani kuunyoosha uso wake, si kupitisha mashine tu. Vile vikombe lazima vibaki sawa na uso wa hedi, na kina cha valvu kipimwe upya, la sivyo pistoni itazigonga. Gasketi huja kwa unene wa aina tatu, zenye alama B, D na F, na huchaguliwa kwa kupima pistoni zinavyochomoza juu ya bloku kwa dayo geji (kipimo cha mshale). Watu wengi hununua yoyote iliyopo dukani. Injini ikawa na kompresheni ndogo au ikagonga, lawama zikamwendea aliyekereza.

Silinda ya 3L ni milimita 96. Pima kila moja juu, kati na chini, kwa pande mbili. Tofauti ikizidi milimita 0.2, zikerezwe (zipanuliwe kwa mashine) zote nne na kutiwa pistoni za ovasaizi, si ile mbovu pekee. Beringi za krenki pima kwa uzi wa plastiki unaobanwa: zaidi ya milimita 0.10 ni kubadilisha. Bloku ikirudi kutoka kwa mkerezaji, ioshe kwa maji moto na sabuni ya unga, si petroli, mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe, halafu ipake oili papo hapo. Kwa hewa ya hapa, silinda tupu huanza kutu kabla ya jioni.

Bolti za hedi zipakwe oili kwenye nyuzi, zikazwe kuanzia katikati kwenda nje: Nm 78 kwanza, kisha zitiwe alama ya rangi upande wa mbele, zizungushwe nyuzi 90 (robo mzunguko), na tena nyuzi 90, mpaka rangi zote zitazame nyuma. Taimingi belti iwe mpya, pamoja na tensha yake. Ukishapanga alama za krenki, kamshafti na pampu, zungusha krenki kwa spana mizunguko miwili na uzitazame tena. Belti hii ni ya kilomita 100,000. Ikikatika, valvu hupinda.

Kabla ya kuwasha, tia karibu lita 6 za oili ya 15W-40 ukifuata dipstiki, chomoa solenoidi, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime. Kisha ndipo uipe mafuta.

Nyuma ya injini kuna mambo yanayosahaulika. Alteneta ya dizeli hii ina pampu ya vakyumu mgongoni, inayolishwa oili, na ndiyo inayofanya kanyagio la breki liwe jepesi. Ukiuziwa alteneta isiyo nayo, litakuwa gumu kama jiwe. Wale wanaoongeza lifu za springi ili kubeba samaki au chumvi ya Gongoni wakague valvu ya breki iliyo juu ya ekseli ya nyuma, inayosoma uzito kwa mkono wa chuma. Bodi likiinuka, mkono huo hushuka na valvu hudhani gari ni tupu, ikanyima breki za nyuma nguvu wakati mzigo umejaa. Rekebisha urefu wa mkono kila unapobadilisha springi.

Barafu ya samaki ikiyeyuka huchuruzika maji ya chumvi ndani ya chesisi. Weka sinia la faiba lenye bomba linalomwaga nje, kando ya gurudumu. Gonga chesisi kwa nyundo karibu na viti vya springi za nyuma. Panapotoa sauti butu pamekwisha. Kiraka kikatwe kwa umbo la almasi, kisichomelewe kwa mstari wima, na betri pamoja na waya za alteneta zichomolewe kwanza. Badilisha waya zote za athi, kati ya injini na chesisi, na kati ya chesisi na betri, ziwe nene, zifungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa kisha zipakwe grisi.

Ukibadilisha 2L kwa 3L, nambari ya injini imebadilika, kwa hiyo fungua maombi NTSA, mamlaka inayosajili magari, ili logibuku ilingane na gari.

Kilomita 1,000 za mwanzo usiiache inaunguruma bure kwa muda mrefu wala usiikamue. Ibebeshe mzigo wa wastani, badilisha mwendo, kisha mwaga oili na filta. Siku hiyo pima nafasi za valvu injini ikiwa baridi: milimita 0.20 hadi 0.30 za kuingiza hewa, 0.40 hadi 0.50 za kutoa moshi. Valvu zilizokaa upya hupoteza nafasi kidogo mwanzoni, na ile ya kutoa moshi ikibanwa chini ya hapo huungua ukingo wake.