Siku moja na chemchemi ya Place d'Assas

Saa kumi na moja alfajiri nimeshavaa mabuti. Mimi mzaliwa wa Bukavu, na hapa Nîmes, kusini mwa Ufaransa, kazi yangu ni kusafisha chemchemi za kujengwa, zile za kwenye viwanja vya mji. Wengi hudhani zinajisafisha zenyewe.

Hadi saa moja na nusu nimemaliza mbili ndogo: majani, vipande vya sigara, chujio, basi.

Saa mbili niko Place d'Assas, kwenye chemchemi niipendayo kuliko zote. Msanii Martial Raysse aliibuni mwishoni mwa miaka ya 1980, akaweka humo sanamu za Nemausus na mwenzake wa kike, Nemausa, kukumbuka mji ulivyoanza. Kabla Warumi hawajajenga chochote, watu walikaa kando ya chemchemi ya asili chini ya kilima cha Mont Cavalier, wakamwabudu Nemausus, mungu wa maji yale. Jina la mji limetoka kwake. Mji uliozaliwa na maji haufai kuonekana na maji machafu.

Leo nimekuta povu limefika magotini. Kuna mtu amemwaga sabuni ya vyombo usiku. Pampu ikiendelea kuzungusha, sabuni inaumuka kama mayai yanayopigwa. Nazima pampu, nafungua valvu, nangoja. Maji yanashuka taratibu, povu linabaki limeng'ang'ania ukutani. Nalisukuma kwa brashi, nasuuza, nasuuza tena. Maji ya huku yana chokaa nyingi, kwa hiyo chini ya povu kuna ukoko mweupe wa kukwangua kwa mkono.

Katikati ya hayo akaja mzee mmoja na mbwa wake. Akauliza: sisi tumekatazwa kumwagilia bustani, ninyi mnamwaga maji mtaroni? Nikamweleza kwamba siku zote maji ni yaleyale, pampu huyavuta na kuyarudisha. Leo tu yamwagwa, kwa ajili ya sabuni. Akauliza tena. Nikaeleza tena. Akatoa simu, akanipiga picha, akataka kujua nani atalipa. Aliyemwaga sabuni yuko kwake amelala, mimi ndiye ninayefokewa. Jua limeshapanda, mgongo unawaka moto, na kona moja nzima bado.

Ilikuwa saa sita au saba nilipowasha pampu. Ikakohoa hewa, ikanyamaza, kisha maji yakaja safi, bila povu. Nikala mkate nimesimama, nikiyatazama.

Mchana ni kujaza karatasi na kuosha vifaa. Kesho ni chemchemi ya mchongaji Pradier, ya mwaka 1851. Ile ni marumaru, haitaki brashi ngumu.