Kichwa kikae nyuma

Mazoezi ya raga yameisha sasa hivi hapa Arusha. Nyasi zimelowa, kila mtu tope.

Vijana wanaulizia mikataba ya kucheza Ufaransa. Sawa, ila kumkaba na kumwangusha mwenye mpira bado!

Wengi wanatanguliza kichwa mbele ya mkimbiaji, goti linawapata shavuni. Kichwa kikae nyuma, kibanane na makalio yake. Bega ligonge paja, mikono ifunge miguu yote miwili, halafu sukuma kwa hatua fupifupi. Ukisimama tu, anakuburuza.

Collins Injera wa Kenya alivunja rekodi ya trai (kugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani) za raga ya wachezaji saba kila upande mwaka 2016, London. Zinazosifiwa ni mbio (kukaba nani anashangilia?).

Wakabaji wa Moshi, bega lipi linawasumbua?