Mvinyo wa rangi iliyopauka ulionitoa ushamba

Mara ya kwanza kumiminiwa mvinyo wa Carema nilitaka kuurudisha, nikiri tu. Rangi imepauka mpaka unaona vidole vyako upande wa pili wa glasi, nikajisemea hapa tumepigwa, hii imechakachuliwa. Kipindi hicho mi nilikuwa mtu wa mvinyo mweusi tii, ule unaoacha meno na madoa, naamini kabisa rangi ndo nguvu. Nikapiga fundo moja. Ukakasi ukanibana mashavu kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni, afu nyuma yake ikaja harufu ya waridi lililokauka na kitu kama lami hivi, na uchachu msafi wa kukutia njaa. Nikanyamaza.

Carema ni kijiji kaskazini mwa Piemonte, Italia, pale mpakani na Valle d'Aosta, mto Dora Baltea uko chini bondeni na Alpi zimesimama pembeni. Zabibu yao ni Nebbiolo, hiyohiyo ya Barolo, ule mvinyo maarufu wa hukohuko Piemonte, ila wenyewe wanaiita Picutener. Sasa Barolo ina zaidi ya hekta 2,000 za mizabibu, Carema ukikusanya yote hata 50 hazifiki!

Na wala hawabani makusudi ili bei ipande (wapo wanaofanya hivyo, tunawajua). Mlima wenyewe ni mwamba. Watu wa kale walijenga kuta za mawe, tuta juu ya tuta, wakajaza udongo nyuma yake ndo wakapata pa kupanda. Afu mizabibu yao inatambaa juu ya vichanja vya mbao vinavyobebwa na nguzo nene za mawe, na hapo ndo paliponimaliza, kwa sababu zile nguzo zinashika joto la jua mchana kutwa, usiku zinaliachia taratibu kama mafiga baada ya moto kuzimwa, na Nebbiolo ni zabibu inayochelewa mno kuiva kwahiyo kwenye baridi ile kila kijoto kinahesabika. Trekta haipiti. Ni mikono na mgongo.

Ndo maana kiwanda cha Olivetti, wale wa mashine za taipu, kilipopanuka pale mji wa Ivrea watu wengi walishuka mlimani, mshahara wa kila mwezi nao si mchezo ukilinganisha na kupandisha kikapu kwenye ngazi za mawe. Vishamba vingine vikarudi kuwa msitu. Mwaka 1960 wakulima wakaunda ushirika ambao upo mpaka leo, wengi wao wana vipande vidogo tu wanavyovihudumia baada ya kazi zao nyingine, na 1967 mvinyo ukapata DOC, yaani ulinzi wa kisheria wa jina na asili yake. Sheria inataka ukae miaka 2 kabla ya kuuzwa, na ule unaoitwa Riserva, yaani uliokaa zaidi, miaka 3.

Ukiupata usiunywe kwa pupa. Fungua mapema, uache upate hewa, tafuta glasi pana. Wangu ulikuwa mtamu zaidi kesho yake, ile robo niliyobakiza kwa bahati mbaya maana nilisinzia kwenye kochi.

Chupa ya pili nimeilaza kabatini na kikaratasi kimeandikwa USIGUSE. Nimeshaitoa mara mbili nikairudisha.