Nilivyopata matairi ya kushika lami, toka Tabora hadi kona za Sekenke

Toka Tabora hadi Nzega barabara imenyooka, tairi lolote lenye kashata (vile vinundu vya mpira vinavyogusa lami) litakufikisha. Mtihani wangu uko mbele ya Igunga, ukishavuka mbuga ya Wembere na kuanza kupanda mlima wa Sekenke. Kule kuna kona hasa, malori yanapanda kwa kujikongoja, na mvua ya kwanza baada ya kiangazi inaifanya lami iteleze kuliko mvua zote zinazofuata, kwa sababu vumbi na mafuta bado havijasafishwa. Natembelea Subaru Impreza na napenda kuikimbiza panaporuhusu. Vijijini mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na trafiki wenye tochi za kupimia mwendo hawana utani.

Matairi ya zamani yalipoanza kuota kipara, nilipita kwanza kwenye mtumba wa Japani. Muuzaji akanipa tairi akasema, "Bonyeza hapo kaka, sikia ulaini huo. Hili halikuachi kwenye kona."

Lilikuwa laini kweli. Nikaligeuza ubavu nikakuta limeandikwa STUDLESS, na kila kashata ina mikato myembamba imejipanga kama meno ya kitana. Hilo ni tairi la theluji. Mpira wake umetengenezwa usikakamae kwenye baridi ya Hokkaido, kaskazini mwa Japani. Ukiuleta kwenye lami ya Tabora mwezi wa kumi unalegea kupita kiasi. Kashata zinayumba, gari linachelewa kuitikia usukani, breki inaenda mbali, na tairi lenyewe linaisha upesi. Yamejaa madukani kwetu kwa bei nzuri, na watu wanayasifia kwa kuyabonyeza tu na kidole gumba. Nikamshukuru, nikaliweka chini.

Siku hizi kabla ya bei naangalia maandishi ya ubavuni. Tarehe kwanza: tarakimu nne za mwisho za mstari unaoanza na DOT. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira unazeeka hata ukikaa stoo, unakuwa mgumu na kupoteza mshiko, kwa hiyo kashata nzima kwenye tairi la miaka minane hainiambii kitu.

Kisha neno TREADWEAR na namba yake. Ikiwa kubwa, 500 au 600, tairi limeundwa lidumu. Ikishuka kwenye 300 unaingia kwenye matairi ya kukimbia. Kwenye 200 kushuka chini ni mpira wa watu wa mashindano. Namba hiyo kiwanda hujipimia chenyewe, kwa hiyo naitumia zaidi kulinganisha matairi ya kampuni moja. Pembeni kuna TRACTION, AA ikiwa ya juu kabisa, ila inapima breki ya moja kwa moja kwenye lami na zege lililolowa. Haipimi kona. TEMPERATURE ni uvumilivu wa joto, na kwa jua letu sichukui chini ya A.

Rafiki yangu wa Nairobi, ambaye hupeleka gari lake uwanja wa Whistling Morans kule Athi River, alinishauri nichukue Toyo R888R. Ni tairi la heshima, treadwear yake 100. Lakini yeye analipasha moto kwa mizunguko kadhaa, anapima upepo likiwa la moto na kuupunguza, kisha anarudi nyumbani. Mimi nina mamia ya kilomita mbele, na mifereji ya tairi lile ni michache mno kwa maji yanayosimama barabarani wakati wa mvua zetu. Maji yasipopata pa kutokea, tairi linapanda juu yake na usukani unakuwa mwepesi ghafla. Hapo ulaini wa mpira haukusaidii chochote.

Nikaagiza mapya Dar, yakaja kwa basi: saizi 205/55R16 91V, treadwear 300 na ushei, mifereji minne mipana ya kuzunguka. Hiyo 91 ni uzito wa juu ambao tairi moja linaweza kubeba, kilo 615. V ni mwendo wa juu wa kilomita 240 kwa saa, ambao sina haja nao, ila tairi la V kwa kawaida lina ubavu mgumu kuliko la T, la mwendo mdogo zaidi, na ubavu ndio unaoamua gari litakavyolala kwenye kona. Nilinunua yote manne, aina moja. Fundi wangu alishangaa, "Bosi, si ubadilishe mawili tu ya mbele?" Kwa gari linalovuta kwa magurudumu yote kama langu, mizingo isiyolingana (tairi jipya ni kubwa kidogo kuliko lililolika) inaulazimisha mfumo wa kugawa nguvu kufanya kazi muda wote, na ukiungua utaijua bei yake.

Tukafanya balansi na alaimenti. Upepo nikajaza asubuhi, tairi likiwa la baridi, kwa kipimo cha kibandiko kilicho mlangoni mwa dereva, si kile cha "weka arobaini, barabara ndefu". Mwanzoni nilikwenda taratibu, maana tairi jipya lina utelezi wa kiwandani unaohitaji kulika.

Sekenke nilipandia mvuani. Gari lilifuata usukani bila kujiuliza, na breki nyuma ya lori lililosimama kwenye kona ilinitosha na nafasi ikabaki. Kelele zimeongezeka, mke wangu anasema redio haisikiki tukifika lami chakavu, na ni kweli. Pia yanalika upesi kuliko yale ya zamani, hilo nililijua tangu dukani. Sheria za nchi nyingi zinaruhusu kina cha mifereji kishuke hadi milimita 1.6, mimi yakifika 3 kabla ya mvua za Novemba nayabadilisha, kwa sababu kina hicho kikipungua, uwezo wa kutoa maji unashuka haraka.