Nilivyojiandaa na mtihani wa Baraza huku napiga zamu za usiku

Wadogo zangu wanaomaliza utarajali, ule mwaka wa mafunzo ya kazi hospitalini baada ya chuo, wananiuliza sana, dada ule mtihani wa Baraza la Madaktari uliuwezaje, mbona tunasikia watu wanalia. Naandika kama nilivyopitia mimi hapa Dar, kila mtu na njia yake ila hii ndo ilinibeba.

Kwanza hofu yenyewe msiibeze. Umesoma MD, digrii ya udaktari, miaka 5, umepiga utarajali mwaka 1, mtaani wanakuita dokta toka ukiwa mwaka wa pili, mama kashawaambia majirani wote, halafu leseni kamili huipati mpaka Baraza la Madaktari Tanganyika liridhike na wewe. Na utarajali ukiisha posho nayo inaishia hapohapo, kwahiyo ukianguka hupotezi maksi tu, unaanza kuwaza kodi ya chumba, nauli, na kurudi nyumbani kusubiri awamu nyingine. Wanaosema vijana wa siku hizi waoga hawajawahi kukaa kwenye hiyo hali.

Mimi nilikuwa hospitali moja ambayo wodi zimejaa muda wote. Zamu ya usiku inaisha asubuhi lakini hutoki, kuna raundi, kuna majibu ya maabara ya kufuatilia, kuna damu ya kutafuta, unaondoka mchana unapanda daladala ya Mbagala unasinzia umesimama. Mwili ukiwa hivyo vile vitabu vinene vya chuo havipandi, utasoma ukurasa mmoja mara nne.

Nikaamua wodi ndo iwe darasa. Nikanunua kidaftari cha kuingia mfuko wa koti, kila mgonjwa aliyenisumbua akili namgeuza swali (bila jina wala namba ya faili jamani), kaja na nini, unaanza na nini, kwanini uanze na hicho na sio kile. Nikipata nafasi nafungua mwongozo wa matibabu wa wizara, ile STG, nakagua kama tulichofanya ndo chenyewe. Hapo kwenye "unaanza na nini" ndo watu wanapoumia, maana unakuta majibu yote yanaonekana sawa, vyote mgonjwa atavihitaji, unachoulizwa ni kipi kinatangulia. Mama kaingia na kifafa cha mimba anatupa miguu, kichwa chako kisikimbilie upasuaji, njia ya hewa kwanza, mlaze ubavu, oksijeni, magnesiamu ya kuzuia degedege, mengine yanafuata.

Na kwenye magnesiamu hapo namshukuru nesi mmoja wa leba, mama mtu mzima. Usiku kumetulia kidogo akaniita, "Dokta mwanangu, dawa hii ni asilimia 50, unataka gramu 4 za mshipani ziwe asilimia 20, unachanganyaje?" Nikamwambia mama ngoja nipige hesabu pembeni. Akasema mgonjwa akiwa anatetemeka hapa hiyo pembeni utaipata wapi. Akachukua sirinji ya mililita 20, akavuta dawa mililita 8, akajazia maji ya sindano mililita 12, akaiinua kwenye taa tuione wote. "Gramu 4 hizo, unasukuma taratibu. Kisha gramu 5 kila tako." Akaendelea kunibana, kabla ya dozi inayofuata unaangalia nini? Nikajibu ukigonga goti mguu uruke, apumue 16 au zaidi kwa dakika, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Na ikimzidi? Kalsiamu glukoneti. Ndo akaniachia nikanywe chai.

Kitu kingine ni kundi, tena dogo. Jumapili tulikuwa tunakutana Upanga, mmoja kasoma Muhimbili, mwingine Bugando, mwingine Uchina. Huyu wa Uchina moyo anaujua mpaka basi, anasoma ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, kama gazeti, ila malaria kali ya mtoto kakutana nayo huku huku, basi tukawa tunabadilishana. Artesunate, sindano ya malaria kali, mtoto chini ya kilo 20 miligramu 3 kwa kilo, kuanzia 20 ni 2.4, saa 0, 12, 24, aliimba mpaka ikakaa. Mnaulizana kwa mdomo, daftari zimefungwa, anayejibu anaeleza na sababu.

Zamu nilianza kubadilishana na wenzangu mapema kabisa, nikachukua sikukuu zao ili wiki ya mtihani nilale usiku. Niliingia chumba cha mtihani nimelala na nilifaulu, na naamini kabisa usingizi ulichangia sana. Lakini hili halikutakiwa liwe la kuombana wenyewe kwa wenyewe. Ninyi wakuu wa idara mnaopanga rosta, tarehe ya mtihani ikishatoka tafadhali muwatoe watarajali kwenye zamu za usiku zile siku za karibu, wawekwe mchana, kazi watafanya vilevile.

Anayetaka kurasa za kidaftari changu za leba na watoto aseme, nitazipiga picha nitume.