Vifaa vya kuanza navyo kwenye trekta ndogo

Kwa trekta yetu ndogo ya nyumbani, kifaa ninachokithamini kuliko vyote ni ndoo ya mbele, kwa kuwa ndiyo inayobeba mbolea, mchanga, kuni na taka za bustani karibu kila tunapowasha injini. Ila ni lazima kufunga uzito nyuma, la sivyo magurudumu ya nyuma huwa mepesi na trekta inaweza kupinduka. Kinachofuata ni rotaveta ya kulainisha udongo, inayoendeshwa na shafti ya nyuma kwa mizunguko 540 kwa dakika, nami nilichagua yenye upana unaofunika alama za magurudumu ili bustani isibaki na mistari iliyoshindiliwa. Plau, kwa maoni yangu, inaweza kusubiri. Kabla ya kununua, angalia nguvu inayofika kwenye shafti, ambayo ni pungufu ya nguvu ya injini.