Pesa za wateja wa nje zinavyonifikia mie niliyeko Pemba

Sie nyumbani tunauza vitu vya ukili, mikoba, misala, makawa ya kufunikia chakula. Wasukaji ni shangazi yangu na majirani zake huku Wete, mie kazi yangu kupiga picha, kuweka Instagram, kujibu watu na kufunga mizigo. Mteja wa ndani hana shida, anatuma kwa simu, mzigo unapanda boti, basi. Kazi ikaja walipoanza kuuliza watu wa Ujerumani na Ufaransa, kila mmoja swali lake la mwanzo nakulipaje, na mie jibu sina. Nikaona hili nilitafutie ufumbuzi kwanza kabla sijapokea oda ya mtu.

Kila unayemuuliza hapa atakwambia PayPal, ile akaunti ya kulipana mtandaoni. Sasa PayPal ya Tanzania kufungua unafungua, unaunga kadi yako, unanunua vitu nje, lakini kupokea ndio hakuna, ya kwetu ni ya kutuma tu. Kenya wanapokea na kutoa kwa M-Pesa toka 2018, ndio maana kuna vijana wanakushauri ujisajili kama Mkenya, utafute laini ya Safaricom, ujifanye unakaa Mombasa. Mie hilo nililikataa pale pale. Masharti yao yanataka akaunti iwe ya nchi unayoishi, na wakiwa na shaka wanaweza kuzuia pesa hadi siku 180. Miezi sita hiyo jamani, na shangazi anataka pesa yake Ijumaa.

Kakaangu yuko London miaka mingi, yeye akasema tumia PayPal yangu tu, wateja walipe kwangu mie nakutumia. Nilimshukuru lakini nikamuuliza, kaka, wakikuuliza watu wa kodi wa huko hizi pesa zinazoingia kila wiki za nini, utawajibu nini? Akanyamaza kidogo halafu akasema basi tuwaambie wateja watume kama zawadi kwa jamaa, ile isiyo na makato. Nayo haifai, ile PayPal wamekataza kuitumia kulipia bidhaa na mnunuzi hana ulinzi wowote, mteja mwenye akili zake ukimwambia hivo anakuona tapeli hapo hapo.

Stripe, kampuni nyengine ya kupokea malipo ya kadi mtandaoni, sikukaa nayo sana. Tanzania hawajaiweka kwenye nchi zao. Njia wanayopita watu ni kufungua kampuni Marekani kwa ile huduma yao ya Atlas, dola 500, unapewa kampuni ya Delaware. Nikasoma kidogo nikakuta kampuni ya namna hiyo ya mgeni peke yake ina fomu ya kila mwaka ya kuwapelekea watu wa kodi wa Marekani, inaitwa 5472, ukiacha kuipeleka faini inaanzia dola 25,000. Dola elfu ishirini na tano kwa makawa! Nikafunga laptopu nikaenda zangu kula.

Zikabaki njia za wakubwa zetu, Western Union na benki. Western Union hata sikatai, kwa mtu anayekujua inafanya kazi vizuri, unakwenda na kitambulisho, jina lifanane, unachukua. Tatizo ni Mzungu asiyekujua. Wao wenyewe Western Union wanawaonya watu wasitume pesa kwa mtu wasiyemfahamu, kwahiyo mteja wa Berlin ukimwambia akutumie huko anaona ndio zile zile alizoonywa. Lakini Wazanzibari wa Maskati na Dubai na Uingereza hao ni habari nyengine kabisa, wana programu zao za kutumia mama zao nyumbani pesa inaingia moja kwa moja kwenye simu, mie wananitumia hivo hivo na makato anabeba mwenyewe na wala halalamiki. Hapo ndio nikafahamu kwamba nilikuwa natafuta njia moja ya watu wote na haipo, wateja wangu wako namna tofauti na kila namna ina mlango wake.

Benki kwa benki nako niliona kwa macho. Mteja mmoja wa Ujerumani aling'ang'ania, manake kwao kutuma euro kutoka Ujerumani kwenda Ufaransa ni bure au senti kidogo, anadhani dunia nzima ndio hivo. Nikampa namba ya akaunti na SWIFT, zile herufi za kuitambulisha benki yangu, nikamwambia tujaribu. Katuma dola 60. Zimeingia 37. Nikaenda kaunta kuuliza zimepotelea wapi, yule kijana wa benki hakukasirika, kachukua fomu akaigeuza nyuma akachora maboksi matatu na mishale, hii benki ya mteja, hii ya kati iko New York, hii sie. Akaweka kalamu kwenye boksi la kati akasema huyu hapa anakata chake akipitisha, halafu na sie tunakata cha kupokea, na haijali ni dola 60 au dola 6,000, kinachokatwa kinakaribiana. Akanieleza kwamba anayetuma anachagua, akiweka OUR makato yote yake, akiweka SHA mnagawana, akiweka BEN yote yako wewe unayepokea, na wengi wanaacha SHA bila kujua. Ile karatasi niliiomba, ninayo mpaka leo.

Kwahiyo benki sikuiacha, nimeiweka kwa mizigo mikubwa tu. Kuna duka Ufaransa linachukua mikoba kwa jumla, hao nawaandikia ankara na chini yake nimeandika kabisa atume kwa OUR, nusu kabla hatujaanza kusuka na nusu kabla mzigo haujaondoka. Kwa pesa kama ile dola 20 kukatwa haiumi, lakini kwa mkoba mmoja inakula faida yote na nauli juu.

Wa mkoba mmoja mmoja ndio nikawatafutia malipo ya kadi. Kampuni za kupokea kadi zinazofanya kazi kwetu zipo, Pesapal walioanzia Kenya 2009, DPO ambao mahoteli na watembeza wageni wengi wanawajua na toka 2021 wako chini ya Network International, Flutterwave, Selcom wa hapa hapa Tanzania, na mabenki makubwa nayo yana huduma yao ya kadi mtandaoni. Nilizungumza na zaidi ya moja na sitosema niliyemchukua, hili si tangazo. Nitakwambieni nilichowauliza. Kwanza kama wanatoa linki ya malipo tu bila ya kuwa na websaiti, manake mie duka langu ni Instagram na WhatsApp. Pili pesa inafika benki baada ya siku ngapi na kwa dola au shilingi, kama ni shilingi wanabadilisha kwa reti ya nani. Halafu kuna ada ya kila mwezi hata nisipouza? Kuna mmoja alikuwa na makato madogo kuliko wote lakini ada ya mwezi anayo, na miezi ya masika mie siuzi kitu, kwahiyo rahisi yake ni ya mwenye biashara kubwa.

Makato ya kadi mengi niliyotajiwa yalikuwa asilimia tatu na kitu. Tuchukue 3.5, mkoba wa dola 60 unakatwa dola 2 na senti 10. Ukilinganisha na zile 23 zilizopotelea njiani hakuna hata la kujadili.

Kilichonichosha ni makaratasi. Fomu ya kampuni ya kadi ilitaka cheti cha BRELA, wanaosajili biashara za Bara, na mie biashara yangu imesajiliwa BPRA, manake sie Zanzibar usajili wetu ni huko. Yule dada wa kwenye simu alikuwa Dar, ananiambia bila BRELA mfumo haukubali, namwambia dada yangu BRELA ni ya huko kwenu, huku kuna BPRA, ananiambia subiri nimuulize mkubwa. Alipouliza ikakubalika, cheti cha BPRA, TIN, leseni, ZanID yaani kitambulisho cha Mzanzibari, na barua ya benki kwamba akaunti ni ya jina lile lile la biashara. Hilo la jina ndio la muhimu, kama una akaunti kwa jina lako na biashara ina jina lake fungua nyengine kabla hujaanza kujaza fomu. Mie nimefungua ya dola benki ya PBZ, upande wa Ikhlas ambao ni wa Kiislamu, mama hataki hata kusikia neno riba ndani ya nyumba yake. Bei za dola ni za wateja wa nje tu, kwa wa ndani toka 2025 kanuni zimekataza kudai bei kwa fedha za kigeni kwahiyo nina orodha mbili.

Jambo moja ambalo wauzaji wengi hawalijui, pesa ya kadi ikishaingia si yako moja kwa moja. Mteja anaweza kwenda benki yake akadai irudishwe, na muda wenyewe mara nyingi unafika siku 120. Ile hatua ya mteja kuletewa namba ya siri kwenye simu yake wakati wa kulipa ndio inakulinda mtu akija kusema si mimi niliyelipa, hapo hasara inabebwa na benki iliyotoa kadi. Lakini akisema kitu hakijanifikia, hapo ni wewe na ushahidi wako. Mie kila kifurushi nikifika posta Chake nakipiga picha juu ya kaunta, namba ya EMS, ile huduma ya posta ya haraka, inasomeka na anuani inasomeka, natuma kwa mteja hapo hapo na nakala naweka. Na shangazi nishamwambia pesa ya oda ya kadi namlipa kazi yake, faida naiacha ikae kwanza.

Kilichobaki sasa ni euro. Linki yangu inatoza dola, Wajerumani wanauliza kwanini benki yao imewakata ya kubadilisha, na kampuni inasema euro inawezekana ila lazima niwe na akaunti ya euro, ambayo nayo ina ada yake. Bado napiga hesabu, wakifika wateja wa euro wa kutosha nitafungua, kwa sasa nawaambia tu bei kwa dola na wao wanalipa.